Muulize Ami: Picha ya kauboi haina sauti, spika imekufa?

Ami salaam aleikum na shikamoo. Juzi usiku tuko kibarazani huku Majengo, beste yangu akaleta picha ya kauboi kwa simu, nyeusi na nyeupe, stelingi ni jamaa mfupi wa kofia bapa na ng'ombe wake mmoja. Hacheki mwanzo mpaka mwisho, midomo ya watu yacheza lakini sauti hamna. Mimi nikasema hii imeibiwa vibaya sauti ikabaki huko, yeye asema ndivyo ilivyo. Tumewekeana biriani. Nani alipa?

Waaleikum salaam, marahaba. Biriani walipa wewe, na ukilipa usinisahau. Spika ni nzima kabisa. Hiyo picha nimeijua kwa huyo ng'ombe tu, ni Go West ya 1925, na huyo mfupi ni Buster Keaton, Mmarekani, yeye ndo stelingi na yeye ndo aliyeiongoza. Wakati huo picha ndo zilikuwa hivyo, picha ndefu yenye watu kuongea ukawasikia ilikuja 1927. Lakini usidhani watu walikaa gizani kimya kama wako matangani, ukumbini kulikuwa na mtu wa piano au bendi nzima yafuata picha, na maneno yenyewe yaandikwa kwenye vibao vinavyotokea katikati. Kimya ni cha filamu, ukumbi wenyewe ulikuwa na kelele.

Sasa hilo la kutocheka. Keaton alipanda jukwaani na wazazi wake akiwa mtoto mdogo sana, na hukohuko akagundua kitu, akicheka yeye watu hawacheki, akinyamaza kama mtu aliyeambiwa nyumba imeuzwa watu wanaanguka. Basi akabaki hivyo kwenye picha zake, wakampa jina la uso wa jiwe. Na kwenye picha hii akajifanyia mzaha mwenyewe, kuna pale wacheza karata, amshika mwenzake akiiba, yule jambazi amtolea bastola amwambia ukisema hivyo utabasamu. Atabasamu vipi na uso ule? Akachukua vidole viwili akasukuma pembe za mdomo juu. Hapo mimi nilisimamisha simu nikacheka peke yangu mpaka bibi mwenye nyumba akagonga ukuta.

Stelingi wa picha za kauboi tuwajua, bastola mbili, farasi mweupe, adui kumi wanakufa yeye hata kofia haijaanguka. Huyu hata rafiki hana, jina lake kwenye picha ni Friendless, yaani asiye na mtu. Yuaanza kwa kuuza vyombo vyake vyote dukani apata dola 1 na senti 65, halafu akumbuka kasahau vitu vyake ndani ya droo, inabidi avinunue tena palepale alipouza! Adandia treni aenda magharibi aishia kwenye boma la ng'ombe, na kazi yenyewe haijui. Aambiwa kamua, aweka ndoo chini ya ng'ombe, akaa pembeni asubiri. Bastola yake ni ndogo mpaka yazama kwenye mfuko wake, aifunga kamba ili aivute. Ndo akakutana na Brown Eyes, ng'ombe aliyefukuzwa kwa vile hana maziwa, amtoa jiwe kwenye kwato, basi mapenzi yakaanza. Wakitaka kumpiga chapa ya moto jamaa ampaka povu la sabuni amnyoa ile alama kwa wembe. Akiona wenzake wenye pembe wamsumbua, amfungia pembe za paa kichwani.

Mwisho mwisho mamia ya ng'ombe waingia mjini Los Angeles, wengine kwa kinyozi, wengine dukani, wengine bafuni kwa watu, na yeye avaa nguo nyekundu za shetani ili wamfuate. Fikiria hapa Mombasa wateremke Moi Avenue wapite chini ya Mapembeni, zile pembe kubwa za ndovu juu ya barabara, saa ya matatu kujaa. Hapo watu wengi ndo wapasifu, mimi hapana, ng'ombe wenyewe watembea polepole kama wametumwa Markiti nyanya. Kwangu utamu ni yule mmoja.

Ami, mbona kwenye hizi picha za zamani watu wote wakimbia kama wabanwa na tumbo? (Msomaji, Kisauni)

Kamera zilikuwa za kuzungusha kwa mkono, na nyingi zilipiga kama picha 16 mpaka 20 kwa sekunde moja. Mashine za baadaye zaonyesha 24, kwa hivyo mwendo waongezeka. Ukipata nakala iliyotengenezwa vizuri mtu atembea kama mtu. Ila wachekeshaji mara nyingine walizungusha polepole makusudi, ili ikionyeshwa mambo yaende mbio, so si kila mbio ni kosa.

Nataka kuwawekea watoto wa mtaa Jumamosi, wallahi sitaki kesi. Yaruhusiwa? (Mama wa Changamwe)

Mama, haki za Go West kule Marekani ziliisha tarehe 1 Januari 2021. Lakini angalia nakala, mtu akiisafisha na kutia muziki mpya, ule muziki ni mali yake. Tafuta yenye piano, zile zilizotiwa ngoma za kompyuta zaumiza kichwa. Ni kama saa moja na dakika chache, haiwachoshi. Na ule ubao wa maneno ukitokea wasomee kwa Kiswahili kwa sauti kubwa, tena kila mtu mpe sauti yake. Mtoto wa dada yangu nilimsomea hivyo, mpaka leo tukipita Kongowea akiona ng'ombe auliza, ami, hizo ni pembe zake ama amefungiwa?