Ndimu ilikata shombo, mbona wateja wakawashwa?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama lishe hapa Mwanjelwa, Mbeya. Juzi nilinunua vibua waliotoka Dar. Walikuwa na shombo kidogo, nikawaosha kwa ndimu, shombo ikakata, nikawakaanga mpaka wakakauka. Nusu saa baada ya kula, wateja wawili uso ukawawaka moto, mwili ukawawasha, kichwa kikawauma. Wengine wanane hawakupata kitu. Mmoja anasema ana aleji ya samaki, mwenzake anasema nimemtilia sumu. Ndimu na moto havikutosha?

JIBU: Nzuri, mama, na pole sana. Hukumtilia mtu sumu. Kwa dalili ulizoeleza, nadhani ni kemikali iitwayo histamini, na ilikuwamo ndani ya samaki kabla hujawagusa.

Tuanze na shombo. Kwa samaki wa baharini inatokana hasa na traimethilamini, mojawapo ya kemikali ziitwazo amini. Unaijua amonia, ile inayochoma pua kwenye banda la kuku lisilofagiliwa: naitrojeni moja imeshikana na haidrojeni tatu. Toa haidrojeni moja, mbili au zote, weka vikundi vya kaboni mahali pake, umepata amini. Naitrojeni hiyo ina jozi ya elektroni isiyo na kazi, kwa hiyo ikikutana na asidi hunyakua protoni. Ndimu ni asidi. Amini inageuka chumvi, chumvi hairuki hewani, pua haisikii kitu. Hapo umeifunga shombo na kuisuuza. Samaki mwenyewe hajarudi kuwa mpya.

Histamini nayo ni amini, ila haina harufu ya kukuonya. Nyama ya vibua na jodari ina histidini nyingi, ambayo ni asidi amino, yaani mojawapo ya matofali yanayojenga protini. Samaki akikaa kwenye joto, bakteria huinyofoa histidini kaboni dayoksaidi, inabaki histamini. Moto wako uliwaua bakteria, lakini histamini haivunjwi kwa kukaanga, kuchemsha wala kukausha kwa moshi. Friza haiiondoi. Ndimu haiiondoi.

Inafanana na aleji kwa sababu miili yetu yenyewe hutengeneza histamini na kuiachia, kwa mfano nyuki akikuuma. Hiyohiyo huliamuru tumbo kutoa asidi na huuweka ubongo macho, ndiyo maana vidonge vya zamani vya aleji, vinavyoizuia, huleta usingizi. Adrenalini, dopamini na serotonini nazo ni amini. Mwili unazitumia kila saa kwa vipimo vidogo. Sahani ya samaki inaweza kuleta kwa mara moja kiasi ambacho mwili haukukiomba.

Kwa nini wawili kati ya kumi? Histamini haisambai sawasawa. Samaki wa juu ya boksi, mbali na barafu, anaweza kuwa nayo tele na wa chini akawa salama.

Na hapa ndipo ninapoumia kila nikipita sokoni. Kutoka Dar mpaka kwetu ni zaidi ya kilomita 800, na mzigo unavuka joto la Morogoro, Mikumi na Ruaha Mbuyuni kabla ya kupanda Kitonga. Wewe unamshika samaki alfajiri Mwanjelwa, kwenye baridi inayotoa moshi mdomoni, unamwona wa baridi, unaamini. Baridi ya Mbeya haifuti joto la Ruaha Mbuyuni. Mwambie muuzaji afungue boksi mbele yako. Barafu iwe bado ipo, juu na chini, maana samaki huyu anatakiwa asizidi nyuzi 4 za Selsiasi tangu avuliwe. Kama kuna maji tu, mwache. Ukionja na ulimi ukachonyota kama wa pilipili ambayo hukutia, mwaga chungu kizima hata kama hasara inauma.

Wateja wako, kwa kawaida dalili huisha ndani ya siku moja au mbili, na kituo cha afya kina dawa za kuzuia histamini. Anayebanwa kifua au kuzimia apelekwe mara moja. Yule wa aleji amwone daktari kabla ya kula samaki tena. Huenda hana aleji kabisa.

Siku usipopata vibua wenye barafu, pika perege. Histidini yake ni kidogo, kwa hiyo hatari hii ni ndogo sana kwake, ingawa naye akioza anaumiza tumbo kwa njia nyingine.