Wasomaji Wauliza: Bao Alilotufundisha Babu

SWALI: Waungwana, salaam. Marehemu babu yetu wa Pangani alikuwa akituketisha barazani baada ya alasiri, tunacheza bao hadi adhana ya magharibi. Nakumbuka akifika kwenye lile shimo lake lenye kete nyingi anasema "nalala", anaziacha zilivyo. Bao lake ninalo, kete zimepotea, na sheria nimezisahau nusu. Wanangu wana miaka 7 na 11. Nianzie wapi?
*Mama wa Wawili, Tanga*

JIBU: Alaikumu salaam, dada. Anza na kete. Zinatakiwa 64, lakini tafuta 70 maana zitapotea tena. Kete zenyewe ni komwe, mbegu za kijivu za mkomwe, kile kichaka chenye miiba kinachoota karibu na ufuo. Chuma maganda yaliyokwisha kukauka na kupasuka. Maharage usitumie: yanapukutika maganda, na mkono wenye jasho unayalainisha. Kokoto nazo zinakwaruza mbao. Komwe ni gumu, linateleza vidoleni, na mlio wake shimoni unamjulisha mchezaji kwamba kete imeingia hata kama anatazama kwingine.

Sasa mafundisho. Wengi wanakosea hapa: wanampa mtoto mchezo mzima siku ya kwanza, mtoto anachoka na bao linarudi uvunguni. Anza na bao la kujifunza. Tia kete mbili katika kila shimo, mashimo yote 32, mkononi msibaki kitu. Kila mmoja ana mistari miwili, wa mbele na wa nyuma, na kete zake zinazunguka upande wake tu.

Mkalishe mdogo, mwambie ahesabu mashimo ya mbele kutoka kushoto kwake. Achukue kete mbili za shimo la tatu, atie moja la nne, moja la tano. Ya mwisho imeangukia shimo lenye kete, na shimo la mpinzani linalolikabili lina kete pia: hapo anakula. Anazichukua zile mbili za mpinzani na kuziingiza upande wake kuanzia kichwa cha kushoto, yaani shimo la kwanza, kisha la pili. La pili nalo lina kete na linakabili kete, anakula tena, anaingiza kichwani tena. Safari hii kete ya mwisho inaangukia la pili, lakini mbele yake pameshaliwa, kwa hiyo anazoa zote nne zilizomo na kuendelea: la tatu, la nne, la tano, la sita. La sita anakula. Anaingiza kichwani, ya mwisho inaangukia la pili ambalo sasa ni tupu. Amelala, zamu yake imekwisha. Kete sita kwa zamu moja! Mtoto akiona hivyo atataka kucheza tena, na kanuni zote kubwa ameshazigusa kwa mkono.

Kosa la kawaida kwa wanaojifunza ni kuzoa na kete za mstari wa nyuma wa mpinzani. Zinaliwa za mbele peke yake. Jingine ni kutojua waingie kichwa kipi. Mashimo mawili ya mwisho kila upande wa mstari wa mbele ni kimbi: ukila kwenye kimbi ya kulia lazima uingie kichwa cha kulia, ya kushoto vivyo hivyo. Ukila katikati, unafuata mwelekeo uliokuwa nao.

Anayeishiwa kete mstari wa mbele ameshindwa, hata kama nyuma kumejaa. Ndiyo maana mkubwa atajifunza haraka kutojificha nyuma.

Wakishazoea, mkubwa aingie bao lenyewe, lile la babu. Kila mmoja anatia kete sita katika nyumba, shimo la nne la mbele kutoka kulia kwake (kwenye mabao mengi limechongwa mraba), na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuliani. Hizo ni kumi. 22 zinabaki mkononi. Kila zamu unaingiza moja katika shimo la mbele lenye kete. Huko ndiko kunamua. Kama shimo hilo linakabili kete za mpinzani, unakula. Kama huna cha kula popote, unatakata: unaongeza kete, unazoa za shimo hilo na kuzigawa kulia au kushoto, na zamu hiyo huli hata ukipita penye mlo. Mchezaji wa kwanza daima anatakata, kwa sababu mwanzoni hakuna kete zinazotazamana.

Ule usemi wa babu ni huu: ukiwa katika zamu ya kula, na kete yako ya mwisho ikaangukia nyumba isiyo na cha kula mbele yake, hiari ni yako. Unalala, nyumba inabaki, au unasafiri nayo, na ikishavunjwa hairudi kuwa nyumba. Watoto wanapenda kusafiri kwa sababu mkono unajaa. Mara nyingi wanajuta: zile kete zinatawanyika mbele kama mtama uliomwagika uani, na mpinzani anazidokoa moja moja. Babu alikuwa akilala ili aendelee kuwa na akiba hadi kete za mkononi ziishe na mtaji uanze. Kwenye mtaji unacheza kwa kete zilizo baoni tu, ukianzia shimo lenye mbili au zaidi.

Mabaraza yanatofautiana katika mambo madogo. Mkubaliane kabla ya kete ya kwanza, si katikati ya ugomvi.

SWALI: Bao letu la urithi limepata ufa kutoka shimo hadi shimo. Litupwe?
*Msomaji, Malindi*

JIBU: La hasha. Lianike kivulini siku kadhaa likauke, jua kali litaupanua ufa. Changanya unga laini wa msumeno na gundi ya mbao hadi uwe mzito, ukandamize ufani kwa kisu butu, acha usiku kucha, kisha piga msasa. Lipake mafuta kidogo sana kwa kitambaa. Yakizidi, kete zinanata na vumbi linaganda mashimoni.

SWALI: Hatuna bao kabisa. Ardhini inafaa?
*Mjukuu wa Kilwa*

JIBU: Inafaa sana. Chagua udongo mgumu chini ya mti, unyunyizie maji, kisha chimba mistari minne ya mashimo manane kwa kisigino cha chupa. Kila shimo lienee kiganja cha mtoto, na kati ya shimo na shimo uache vidole viwili. Ukibana zaidi kingo zinabomoka, na hapo hamtajua kete ni ya nani.