Theluji Nyeupe, Picha ya Kijivu

SWALI: Ninapiga picha za ndege wa porini wakati wa baridi kali. Theluji hutoka ya kijivu, na ndege hutiwa giza hadi manyoya yake hayaonekani. Nikipiga kutoka dirishani mwa gari, picha hukosa ukali ingawa lenzi yangu ni nzuri. Je, kamera ni mbovu?

JIBU: Kamera yako ni nzima. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani yake hakijui theluji ni nini. Kimeundwa kikichukulia kwamba kila mandhari hurudisha mwanga wa wastani, asilimia 18 hivi, yaani kijivu cha katikati. Kikielekezwa kwenye uwanja mweupe huhesabu kwamba mwanga umezidi, nacho huupunguza mpaka weupe ugeuke kijivu, na ndege aliyetua hapo hufunikwa na giza hilohilo. Dawa yake ni fidia ya mwangaza, yaani mpangilio wa kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga kuliko kipimo kinavyotaka: ongeza hatua 1 hadi 2 (kila hatua huzidisha mwanga mara mbili), kisha uamini histogramu, ile grafu inayoonyesha mwanga wa picha kutoka weusi upande wa kushoto hadi weupe upande wa kulia, kuliko picha iliyo kwenye kioo cha kamera, kwa sababu macho yaliyozoea mng'ao wa theluji huona kila kioo ni cheusi. Vilele vya histogramu visogee upande wa kulia bila kuugonga ukingo.

Kiasi cha nyongeza hutegemea ndege mwenyewe. Kunguru huhitaji zaidi, hata kama theluji itapoteza mikunjo yake kidogo. Bata maji mweupe hataki mzaha, kwani manyoya yakishaungua kwa mwanga, yaani yakigeuka weupe mtupu pichani, hakuna programu itakayoyarudisha. Mwanga usipobadilikabadilika, mimi huacha otomatiki na kupanga kila kitu kwa mkono, nikianza na kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/2000 ya sekunde kwa ndege anayeruka. Akitoka juu ya theluji na kupita mbele ya msitu mweusi, mwanga unaomwangukia ni uleule, ilhali kipimo kingeyumba. (Theluji nayo ina fadhila zake: hurudisha mwanga juu, ukaona tumbo na upande wa chini wa mabawa ambao siku nyingine humezwa na kivuli.)

Kuhusu gari, adui ni hewa yenye joto. Inapotoka dirishani na kukutana na baridi, hupinda mwanga kama inavyofanya juu ya lami wakati wa jua kali, na lenzi ndefu hukuza mtikisiko huo. Kulenga upya hakusaidii. Zima injini na kipasha joto, fungua madirisha, na usubiri mpaka joto la ndani lilingane na la nje. Vaa vizuri, maana kungoja huko ndiko kazi yenyewe. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, na kabla ya kuingia nyumbani ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ili unyevu usigandame kwenye vioo.

Pamoja na usumbufu huo, usishuke garini ili usogee karibu. Ndege wengi huvumilia gari kuliko mtu anayetembea, na ndege mdogo huunguza usiku mafuta aliyojiwekea mchana. Kila anaporushwa, hupoteza akiba ambayo siku fupi haimpi nafasi ya kuirudisha. Akiacha kula na kunyoosha shingo akikutazama, umeshakuwa karibu mno.