Mamangu, umeniuliza kama tulidungwa makapi

Mamangu,

Voisnoti yako niliisikiliza jana nikikuna nazi, nikairudia mara mbili maana mashine yenu ya kufulia ilikuwa yapiga kelele kukushinda wewe. Nikikuelewa sawa, mwenzio wa chumba wa Afrika Kusini amekwambia kwao chanjo ya korona ya AstraZeneca waliikataa Februari 2021 kwa sababu ilishindwa na kile kirusi chao kipya, Beta, halafu sisi huku tukadungwa hiyo hiyo mwezi uliofuata, sasa wataka kujua tulipewa makapi ama vipi, na mimi nesi mzima nilikubalije.

Mwenzio hajakudanganya. Dozi milioni 1 zilitua kwao Februari 1, na tarehe 7 waziri wao wa afya Mkhize akasimamisha. Zilitoka India, Serum Institute, kiwanda hicho hicho kilichotengeneza zetu zilizotua Nairobi Machi 3, ila zetu zilikuja kwa Covax, ule mpango wa dunia wa kugawia nchi chanjo, si yale maboksi yao, yao yalipitia Umoja wa Afrika yakagawiwa nchi zingine. Kwa hivyo makapi hapana.

Sasa utafiti wenyewe. Ulikuwa na watu kama 2,000, vijana vijana tu, wengi miaka 30 hivi na afya zao. Walioumwa wakahesabiwa ni 42, karibu wote Beta: 19 walikuwa wamedungwa chanjo, 23 walidungwa maji ya chumvi tu ili walinganishwe. Kumi na tisa kwa ishirini na tatu! Hata mimi nikiona hivyo nasema hii kitu haifanyi kazi. Lakini uliza waliumwa nini. Homa, kikohozi, mwili kuchoka, wakajiponea nyumbani, hakuna aliyelazwa si upande huu si upande ule. Basi utajuaje kama chanjo inazuia kifo kwa watu ambao hakuna hata mmoja aliyekikaribia? Profesa Madhi aliyeongoza utafiti huo huo alisema wazi zile dozi zisirudishwe, wapewe wazee. Na Shirika la Afya Duniani lilisema Februari hiyo hiyo itumike hata penye virusi vipya. Serikali yao siilaumu sana, wao walikuwa na chanjo ya Johnson & Johnson mkononi iliyojaribiwa kwao kwao Beta ikiwepo, tarehe 17 wakaanza kudunga wahudumu wa afya. Ila wazee wa miaka 60 wamekuja kuanza Mei 17. Hesabu mwenyewe hiyo miezi.

Utaniuliza inawezekanaje kitu kishindwe kuzuia homa kisha kizuie kifo. Ni hivi, zile kingamwili za kwenye damu zinamjua kirusi kwa sura, na Beta ilikuja imebadilisha sura pale pale zinaposhika. Lakini mwili una seli zingine zinazotambua vipande vingi vya kirusi, hizo hazizuii kisiingie, zinakimbilia seli zilizokwisha kushikwa zinaziua kabla mapafu hayajaharibika. Wewe ukivaa ninja ukapita Marikiti uso wako sitauona, lakini mwendo wako huo wa kuvuta mguu wa kushoto nitaujua tu, japo utakuwa ushanipita hatua mbili tatu.

Haya nayaandika yote kwa sababu kuna mtu aliniuliza swali hili kabla yako nikamjibu vibaya. Mjomba wako. Walipofungulia wa miaka 58 kwenda juu yeye alikuwa na 61 na sukari yake, akanitumia wasap habari ile ile ya Afrika Kusini, chini ameandika "dada, hata wenyewe wameirudisha". Mimi nilikuwa zamu, kichupa kimoja ni cha watu 10 na ukishakifungua una masaa 6 tu, nina watu 7 kwenye benchi natafuta wa nane mpaka wa kumi, nikamjibu neno moja tu, "kadungwe". Hakwenda. Agosti, wakati wa Delta, kirusi kingine kilichobadilika, nilimbana kidole na kale kamashine ka kupima oksijeni ya damu ikasoma 84, nikafikiri betri imeisha, nikajibana mimi ikasoma 97. Mengine unayajua.

Sikwambii angedungwa angepona, hilo siwezi kulijua na mtu mmoja si utafiti. Kwa Delta hesabu za Uingereza zilionyesha dozi moja ya AstraZeneca inazuia kuumwa kwa asilimia 30 hivi, mbili 67, na kulazwa inazuia zaidi ya hapo. Mimi ya pili niliipata Juni maana India ilikuwa imezuia kusafirisha, hiyo miezi nilikuwa na nusu kinga naingia wodi kila siku. Disemba ikaja Omikroni, kirusi kingine tena, nikaumwa na dozi zangu mbili, siku tatu kitandani, na wala sikushangaa, kwa Omikroni dozi mbili za AstraZeneca zikishapita miezi mitano kuzuia homa ni kama hakuna kitu.

Kosa tulilofanya sisi manesi, na wale wa kwenye tivii pia, ni kuwaambia watu ukidungwa hupati. Nimelisema kwa mdomo wangu huu mara ngapi sijui, lilikuwa fupi na foleni ndefu. Alipoumwa wa kwanza aliyedungwa, kila mtu akatuona waongo, na kwa maneno tuliyoyasema kweli tulikuwa waongo.

Mwenzio msalimie sana. Muulize nyanyake kwao alidungwa ipi, na mwezi gani.

Mamako