Vitabu vya likizo kwa wa miaka 7, 11 na 15

Dada, umeuliza wanao watatu wasome nini likizo hii, wa miaka 7, 11 na 15. Wa 7 mwanzishie African Storybook, hadithi fupi za picha, Kiswahili kipo tele, na unapakua bure kwenye simu. Wa 11 mpe hekaya za Abunuwasi, atacheka mwenyewe chumbani.

Huyo wa 15 ndiye wa kumfikiria zaidi. Mtafutie Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Kijana Kongowea anafiwa na mama yake huko Tanga, anafunga safari hadi Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Kiswahili chake kitamu mno, na mtoto wa umri huo anajiona humo. Akikimaliza, Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Ni kifupi, lakini tukio la Adili kuwachapa manyani wawili kila usiku huku roho inamuuma halimtoki mtu. Usimwambie manyani ni akina nani!

Mimi nyumbani tunasoma kwa sauti baada ya chakula cha usiku, kila mtu ukurasa mmoja, mdogo anafuatisha kwa kidole. Wiki ya kwanza walinuna. Sasa wao ndio wanaonifuata jikoni na kitabu, sijamaliza hata kuosha vyombo.

Na tafadhali usiwape maswali ya ufahamu. Waache wasome tu.