Nilikataa mara moja tu

Mhariri, mmeuliza wiki hii: "Nini kinachomzuia mwanamke kupanda cheo katika ofisi za sheria na mahakama?" Najua wengi watajibu wanaume. Mimi nasema uhamisho.

Huko juu hatukosekani. Jaji Mkuu wa Kenya tangu 2021 ni Martha Koome. Msajili Mkuu wa Mahakama, ambaye Katiba imemkabidhi utawala na hesabu zote, amekuwa mwanamke kila nafasi hiyo ilipojazwa rasmi tangu 2010: Gladys Shollei, akaja Anne Amadi, na tangu 2024 Winfridah Mokaya. Mambo hukwama huku chini, masijalani, yaani ofisi ya majalada ya mahakama, ninakofanya kazi.

Mimi ni mwenyeji wa Lamu na kazi hii nina miaka 22 nayo. Napokea hati, nakagua ada kama imelipwa, nafungua jalada, napanga orodha ya kesi za siku. Na natafsiri. Hiyo ndiyo kazi nzito, nayo haihesabiwi popote mtu anapopandishwa cheo. Siku moja mama mmoja wa visiwani alisimama katika kesi ya matunzo ya watoto, akasema mumewe "hanipi posho". Hakimu, mtu wa bara, akaandika kwamba mume hanunui unga. Huko kwao posho ni unga wa mahindi! Nikaomba ruhusa, nikaeleza kwamba kwetu posho ni pesa ya chakula cha kila siku nyumbani: samaki, mchele, nazi, mafuta. Hakimu akafuta, akaandika upya. Mfuko wa unga na matumizi ya nyumba nzima si kitu kimoja.

Sasa uhamisho. Mwaka 2011 nilipewa cheo pamoja na kituo kipya, mbali, bara. Kitinda mimba wangu alikuwa ananyonya, mavyaa yuko kitandani hajiwezi, mume wangu nahodha, leo yupo kesho yuko baharini. Nikaandika barua kwa adabu kuomba nisubiri. Nafasi akapewa mwenzangu mwanamume. Watoto wake walibaki na mama yao, na hakuna aliyemwuliza nani atawapikia. (Simlaumu, alikuwa mchapakazi kweli.)

Mwaka 2015 mavyaa alikwisha kufariki, mtoto yuko shuleni. Nikaomba tena. Mkubwa wangu wa wakati huo akafungua faili langu, akasema, "Si wewe uliyekataa?" Kesi ikiahirishwa hupewa tarehe nyingine. Mimi sikupewa.

Elimu nayo inazuia, maana bila shahada ya sheria huwi naibu msajili. Lakini mabinti wanasoma siku hizi, hilo litajiondoa lenyewe. La barua haliondoki mpaka mtu aliondoe: kukataa kuwe na muda wake, miaka 2 ikipita mtu aulizwe upya.

Isitoshe, tangu Machi 2024 hati zinawasilishwa kwa mtandao mahakama zote nchini. Jalada la Lamu naweza kulikagua nikiwa Malindi, na la Malindi nikiwa Lamu. Bado cheo kinakuja na begi la safari.

Mtoto yule aliyekuwa ananyonya sasa ndiye anayenisukuma. Mwezi uliopita aliniandikia barua ya tatu kwa kompyuta, mimi nikatia sahihi. Nangojea jibu.

Msomaji, Lamu