Re: Nisome haki jinai au sheria ili niwe askari?

Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza kama shahada yenye jina la haki jinai itakufungulia mlango wa polisi kuliko sheria, maana umemaliza kidato cha sita mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Nakujibu kwa moyo wote: usivutiwe na jina, fungua orodha ya masomo.

Tafuta Sheria ya Ushahidi (Sura ya 6), Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20) na Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16). Programu inayoyapitia kijuujuu iache. Niliwahi kukaa mahakamani hapa Mtwara kusikiliza kesi ya wizi wa korosho. Magunia yalikuwepo, mashahidi walikuwepo, ila hati ya ukamataji mali haikuwa na sahihi ya shahidi hata mmoja. Askari aliulizwa kwa nini, akabaki anaangalia meza. Mwenye korosho alilia pale nje, na mimi yale machozi sijayasahau.

Hakikisha pia chuo na programu vimo kwenye mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kama nauli na kodi ya chumba Dar ni mzigo kwa wazazi, Chuo Kikuu Huria kina kituo Mtwara na Lindi, na sheria wanafundisha.

Ila shahada haikuruhusu kuruka depo, yaani kambi ya mafunzo ya askari. Mafunzo ya awali kwenye Shule ya Polisi Moshi utayapitia, kwa hiyo anza kukimbia sasa. Cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) shughulikia mapema, matangazo ya ajira hayasubiri mtu.